Jiwe la Mkwe

Kasongo, tarehe 9 Machi 2024

Yaya Pascaline,

Wewe dada yangu mkubwa, shemeji François, Nadine na Fifi, pokeeni salamu za mtu ambaye najua mlishaanza kumwita wa Kalemie, kwa sababu ya kazi yangu ya huko ziwani. Mimi mzima. Mgongo unanisumbua tangu safari, lakini mgongo wa askari hauna mtetezi. Barua hii anakuletea Moussa, yule mchuuzi wa vitenge anayepita Wamaza kwenda kwa wachimba dhahabu. Mpe maji ya kunywa, ila usimwulize bei ya kitenge, utajuta.

Utashangaa kuona karatasi badala ya sauti. Simu yako haipatikani tangu Krismasi, na hata ingepatikana, tumekatazwa kuzungumza kazi hii kwenye simu. Karatasi hawakuikataza. Nadhani hawakukumbuka kwamba bado kuna watu wanaoandika barua.

Sikuja likizo, nimekuja kikazi. Jeshi letu la majini, ambalo wewe hulicheka, linaletewa mashua tatu mpya za doria. Sisi tunaziita vedeti. Zitakuja kwa treni, juu ya mabehewa, kwa sababu maporomoko hayaziruhusu kupanda mto zenyewe. Zitalinda vivuko vya Lualaba huku kwetu, ambako watu wenye bunduki huvuka wanavyotaka na kuwapora wasafiri. Lakini mashua haikai hewani. Inataka gati, ghala la mafuta, karakana na nyumba za mabaharia. Nimekuja na tume inayotafuta mahali pa kuweka kambi hiyo. Mkubwa wetu ni komanda Iliasi, mtu mpole anayependa vipimo kuliko maneno, na mimi ndiye ninayeandika vina vya maji kwenye daftari.

Mahali palikuwa patatu. Bandari ya Kasongo imeshafutwa, mchanga umeijaza. Pamebaki upande wa Kibombo, karibu na reli, na pamebaki Nyangwe. Nyangwe kwetu, Yaya. Komanda ameniahidi kwamba popote patakapochaguliwa, mimi ndiye nitakuwa msimamizi wa gati.

Nilikwenda kumwona baba Jumapili. Tangu tumzike mama sikuwa nimerudi, na hilo ni kosa langu, sitalipamba. Amekonda. Anakohoa. Anajipikia mwenyewe ugali wa muhogo, mbichi katikati, na ana miaka sabini na mbili lakini bado anapanda ngazi kuanika samaki juu ya paa. Nilitarajia anigombeze kwa miaka yote ile. Aliniuliza tu kama nimekula.

Mdogo wako,
Léon


Kabambare, tarehe 2 Aprili 2024

Mdogo wangu Léon,

Bwana asifiwe. Barua yako ilifika na matope, maana Moussa alianguka na pikipiki mara mbili kabla ya Wamaza. Kitenge ameshaniuzia. Sisi tupo. Mguu wa François umevimba tena na hawezi kwenda shamba la mpunga, kwa hiyo natoka shule saa saba na kushika jembe. Nadine ana mimba ya miezi mitatu. Fifi amekuwa wa pili darasani na analia kwa sababu si wa kwanza. Tabia hiyo ameirithi kwa mjomba wake.

Kwa hiyo nchi imekumbuka kwamba ina mto. Niliwahi kuwaambia walimu wenzangu kwamba ndugu yangu ni mwanamaji, mmoja akaniuliza kama unalipwa samaki. Sasa nitawaambia kwamba mashua zenu zinasafiri kwa treni. Watafurahi sana.

Tuache mzaha. Baba umemwona kwa macho yako, kwa hiyo sitakueleza. Nimemwomba mara nne aje huku. Anasema Kabambare hakuna maji ya kutazama. Nikienda mimi kukaa naye, mguu wa François nani atauosha, na watoto sitini wa darasa langu nani atawafundisha? Jirani yake Cadette ndiye anayechungulia kila asubuhi kama moshi unatoka jikoni. Siku moshi usipotoka, ndipo tutajua. Hivyo ndivyo mzazi wetu anavyoishi, Léon, na mimi nina aibu.

Wewe ni mwanamume pekee aliyezaliwa na mama. Sikuombi pesa wala nguo. Nakuomba urudi nyumbani. Kama neno lako katika hiyo tume lina uzito hata wa punje ya mpunga, liweke upande wa Nyangwe. Mimi sielewi mambo ya gati. Naelewa tu kwamba ukipelekwa Kibombo itakuwa Kalemie nyingine, na baba atazikwa na majirani.

Usinijibu kwa maneno matamu. Fanya.

Dada yako,
Pascaline


Kasongo, tarehe 27 Aprili 2024

Yaya,

Nimefurahi kuhusu Nadine. Mwambie akizaa mwanamume asimpe jina langu, limebeba uvivu wa kuandika barua. Moussa ana dawa ya kupaka kwa ajili ya mguu wa shemeji, nimepewa na muuguzi mmoja wa hapa. Apake asubuhi na jioni, na asikae juani.

Sasa kazi. Tumeipima Nyangwe kwa siku sita. Maji yako juu, mvua imeujaza mto mpaka kwenye mashina ya michikichi. Komanda ana mashine ndogo inayofungwa ubavuni mwa mashua nayo inasoma kina. Lakini mashine haijui njia, basi tulitafuta mwenyeji wa kutuongoza. Watu wote wa kivukoni walitaja jina moja, Mzee Zacharie. Sikusema kwamba ni baba yangu. Walisema wao, na komanda akacheka.

Ungemwona. Alivaa koti lake la harusi. Alikataa kupanda mashua ya injini, akasema macho yake yamezoea kuwa karibu na maji, kwa hiyo alitangulia na mtumbwi wake. Mimi nilikaa mbele yake na daftari, komanda akatufuata polepole na mashine. Siku nzima hakukohoa. Alituonyesha mchanga unaohama, visiki vilivyozama, mahali viboko wanapovukia. Kila alichosema nilikiandika. Juu kidogo ya kivuko aliweka kasia magotini akapumzika, maji yakatuchukua kando ya ukingo, kisha akaendelea. Kwa jumla kina kinatosha. Kambi inahitaji njia yenye mita mbili mwaka mzima, na hatukupata pungufu ya mita tatu na nusu.

Jioni tulikula kwake, mimi na Glody, mshika usukani wetu, mtu wa Kalemie mwenye watoto watatu ambao huwataja kila baada ya tonge. Glody aliusifu ugali wa baba. Baba alicheka, Yaya. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto.

Ripoti itaandikwa mwezi ujao. Utuombee.

Léon


Kabambare, tarehe 19 Mei 2024

Mdogo wangu,

Dawa imefika na François anakushukuru, ameanza kukanyaga. Nadine anatapika kila anachokula isipokuwa ndizi. Paa la darasa langu limetoboka, mvua ikinyesha tunafundishia upande mmoja. Hayo ndiyo ya huku.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi ni mwalimu, nikiona neno limekaa vibaya nalipigia mstari. Umeandika kwamba juu kidogo ya kivuko baba aliweka kasia magotini akapumzika. Baba hapumziki mtoni. Na huko juu ya kivuko kuna mahali pamoja tu ambapo mtu wa kwetu anaweka kasia magotini.

Hukusahau. Ulikuwa na miaka sita, mimi kumi. Uliuliza kwa sauti kwa nini hatupigi kasia, mama akakuziba mdomo kwa kiganja. Tulipofika nchi kavu ndipo baba akatueleza kwamba pale chini kuna jiwe, na wazee waliliita Mkwe. Mtu akipita mbele ya mama mkwe wake hamtaji jina wala hamkazii macho. Anainama na kupita pembeni. Ndivyo watu wa kivuko chetu wanavyolipita. Unaacha kasia, unanyamaza, na maji yenyewe yanakutoa ubavuni mwake. Ukiwa na mgeni, kunyamaza kwako ndiko kumwonya. Mvua inapojaa jiwe liko chini sana, lakini mwaka ule wa kiangazi kirefu tuliuona mgongo wake, mweusi, dhiraa moja tu chini ya maji.

Labda baba alinyamaza pale na wewe ukaandika kwenye daftari maneno ambayo hukuniandikia mimi. Labda mashine ililiona yenyewe. Nataka kuuliza, halafu sitaki. Cadette ametuma neno kwamba baba anapaka chokaa kile chumba chako, na kwamba anaimba akipaka.

Basi sijauliza. Usinijibu.

Pascaline


Nyangwe, tarehe 30 Juni 2024

Yaya mpendwa,

Ona nilikoandikia. Niko katika chumba cha chokaa, na mto unaonekana kupitia dirishani. Salamu kwa shemeji, kwa Fifi na kwa Nadine na tumbo lake.

Imechaguliwa Nyangwe. Waliokuwa upande wa Kibombo waliitetea sana reli yao, lakini ukingo wa kule unamomonyoka. Kilichoamua mwishoni ni daftari la vina. Imeandikwa kwamba njia ya kuingia Nyangwe iko wazi mwaka mzima.

Vedeti mbili zimeshafika, ya tatu iko njiani. Zina rangi ya majivu, urefu wa mita kumi na mbili, injini mbili kila moja. Watu walitoka makanisani kuja kuzitazama. Gati bado ni la mbao, ila saruji imeahidiwa. Baba aligusa ubavu wa mashua kwa kiganja, akauliza inazama kiasi gani chini ya maji. Nikamwambia ni mita moja na robo ikiwa na mzigo. Tulizungumza kidogo, kisha akaenda kwa nyavu zake.

Anakula vizuri. Kikohozi kimepungua. Cadette haangalii tena moshi, anakuja tu kuomba chumvi. Asubuhi baba ananipikia chai kabla sijaamka, ananiita kama zamani kwa kugonga ukuta. Ulichoniomba umekipata, Yaya, na mimi nimekipata pia.

Lile swali ambalo hukuniuliza, nimeona kwamba hukuuliza.

Léon


Kabambare, tarehe 28 Julai 2024

Léon,

Nakusalimu kwa kifupi. Tuko wazima. Nadine amekuwa mzito, anatembea akishika ukuta.

Huku mvua imekata tangu mwishoni mwa Mei. Kisima cha shule kinashuka, tumeongeza kamba mara mbili. Kila asubuhi watoto wanapochota natazama ile kamba, na siwazi kisima. Nawaza mto.

Nilikuambia usinijibu. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye tamaa, nayarudisha. Nenda kwa komanda Iliasi kabla ya Septemba. Mwambie ulisahau, mwambie umekumbuka leo, mwambie dada yako mwalimu amekukumbusha. Aonyeshwe jiwe maji yakiwa chini, alione mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa si kifo chako peke yako.

Najua itakavyokuwa. Kambi itahamia Kibombo nawe utaifuata, na baba atabaki na moshi wake. Nimekubali. Nilikuomba kitu ambacho sikuwa na haki ya kukuomba.

Barabara ya Wamaza inasemwa vibaya siku hizi, lakini Moussa ameapa kwamba anapita kesho.

Dada yako,
Pascaline


Nyangwe, tarehe 26 Septemba 2024

Yaya,

Nimesikia kwamba Nadine amejifungua msichana, wiki mbili kabla ya wakati, na wote wazima. Hongera, bibi. Aliyeniambia ni Moussa, naye alisikia kwa watu wa njiani. Alifika jana. Watu wenye bunduki walifunga barabara, akakwama Wamaza zaidi ya wiki saba, na katikati akaugua malaria. Barua yako ya Julai ameitunza ndani ya mfuko wa plastiki, haina hata doa. Alinipa akaomba radhi kwa kuchelewa.

Ijumaa tarehe 20, saa kumi na mbili asubuhi, ilikuja habari kwamba kivuko cha juu kimevamiwa. Vedeti ya pili iliondoka na watu watano, Glody kwenye usukani. Alikwenda kwa nguvu zote akifuata ramani iliyochorwa kutoka kwenye daftari langu. Nilikuwa gatini. Nilisikia mlio wa mti unaovunjika, nikaona mashua inainuka mbele na kupinduka. Watatu waliogelea wakatoka. Glody na Yves, fundi wa injini, tuliwapata Jumapili kwenye kona ya mto.

Baba alisikia mlio akiwa nyumbani. Alikuja mbio, mtu ambaye sijamwona akikimbia tangu utoto wangu. Hakuuliza wamegonga nini.

Tume ya uchunguzi imekuja. Walifungua daftari, hakuna jiwe. Walisoma ripoti, hakuna jiwe. Wakauliza aliyeongoza upimaji ni nani. Wamemchukua baba Kasongo, wamemweka katika chumba nyuma ya ofisi ya kambi ya jeshi ya huko. Mimi na Cadette tunapeleka chakula kwa zamu. Wanasema alilificha jiwe makusudi, labda alitumwa na wale wanaovuka. Walimwuliza kama alimwambia komanda kwamba pale kuna jiwe. Alijibu kwamba hakusema.

Mimi hawajaniuliza, na sijasema. Mkono umechoka, Yaya. Nitaandika tena.

Léon


Kabambare, tarehe 9 Oktoba 2024

Léon,

Mtoto mzima, ameitwa Pascaline kama mimi, na sikuweza kufurahi.

Nimewalilia hao watu wawili ambao sikuwajua. Nimewalilia na watoto watatu wa Glody, ambao nawajua kwa sababu ya barua yako. Kisha nikakasirika, na bado nimekasirika, na ninaandika hivyo hivyo.

Baba alinyamaza mbele ya mtoto wake, mtu wa mto, aliyekaa na kalamu mkononi. Kwetu huko ni kusema. Alikuonya wewe ili uwaonye wao kwa lugha yao. Komanda aliuliza nini pale? Lazima aliuliza, mtu anayependa vipimo hawezi kuona kasia limesimama akanyamaza. Na nani alimjibu?

Usiniambie mimi. Kawaambie wao, wakiwa wamemweka baba mbele yako. Ukiogopa kusimama peke yako, wapelekee barua yangu ya Aprili, ile niliyosema weka neno lako upande wa Nyangwe. Na ile ya Mei pia. Nilijua tangu Mei, Léon. Nilikaa miezi miwili nikimfurahia baba anayeimba.

Nakuja. Barabara ikifunguliwa tu nakuja, Fifi ataangalia mguu wa baba yake.

Pascaline


Kasongo, tarehe 2 Novemba 2024

Yaya Pascaline,

Mpe mtoto salamu zangu, na mama yake. Sijui kama barua hii itakukuta nyumbani au mtapishana njiani. Naandika kwa sababu nikikuona sitaweza.

Ulitaka kujua nani alimjibu. Baba alipoweka kasia magotini, komanda alipaza sauti kutoka nyuma, akauliza mzee ameona nini. Baba hakugeuka. Alinitazama mimi tu, akangoja. Mashine ya komanda ilikuwa imeshapita ubavuni na kusoma mita nne. Nikamjibu komanda, "Hakuna kitu. Muzee amechoka." Baba hakusikia vizuri, au alidhani nitaeleza nchi kavu. Mwezi wa Juni, siku ile alipogusa mashua, aliniuliza kama Mkwe nilimwandika. Nikasema ndiyo. Hilo sikukuandikia.

Nilidhani nitalimudu mwenyewe, kwa kuwa gati ni langu. Niliwaambia washika usukani wote washike ukingo wa kulia. Sikuwaambia kwa nini. Siku ya haraka mtu hufuata ramani.

Jumanne tarehe 29 nilisimama mbele ya tume nikasema yote haya, neno kwa neno. Nilitoa na barua zako, kama ulivyotaka. Kanali anayeongoza tume alizirudisha bila kuzisoma, akasema mambo ya familia hayamhusu. Komanda Iliasi alikubali kwamba kweli nilimjibu hivyo siku ile. Basi kanali akamgeukia baba, akamwuliza kama mwanawe anasema kweli.

Baba alisimama. Alikuwa amevaa lile koti. Alisema, "Huyu ni mutoto wangu, anataka kunisaidia. Lakini mto hajue. Alitoka hapa kijana, akaenda kufanya kazi kwenye ziwa. Ile jiwe hajapata kuiona. Mwenye anajua ni mimi, na mimi sikusema."

Kanali alifunga faili. Kwao kila kitu kilikaa sawa. Mtu anayeujua mto asingejibu kwamba mzee amechoka, kwa hiyo ni kweli siujui. Baada ya kikao alinishika bega, akaniambia kwamba mwana yeyote mwema angejaribu kufanya nilivyofanya. Nilisema tena kwamba ni mimi. Akaniambia nikapumzike.

Kwa sababu ya umri hawakumfunga. Wamemwachilia, lakini amekatazwa kuvusha watu na kuvua, na jina lake limeandikwa kwenye ripoti kwamba yeye ndiye aliyewapoteza Glody na Yves. Kambi inahamia Kibombo. Mimi naondoka tarehe 5, na cheo changu nimeachiwa.

Nilimngoja mlangoni alipotoka. Alipita pembeni yangu, macho chini, akaenda na Cadette.

Yaya, nimesema ukweli na hakuna aliyeutaka. Niambie nifanye nini.

Léon


Nyangwe, tarehe 24 Novemba 2024

Léon,

Nilifika hapa siku kumi zilizopita, miguu imevimba kuliko ya François. Barua yako ilinikuta Wamaza. Hii nampa baharia mmoja anayerudi Kibombo na mbao za gati. Baba yuko, anakula kidogo. Kikohozi kimerudi. Cadette anakusalimu.

Mjane wa Glody alikuja kutoka Kalemie na watoto wote watatu kuona kaburi. Baba alitoka na kapu la samaki wakavu akawawekea mbele yao. Watu walikuwa wameshamwambia huyo mwanamke kwamba huyu ndiye mzee aliyelificha jiwe. Alimtazama muda mrefu, kisha akachukua kapu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, sikufungua mdomo.

Namchukua baba kwenda Kabambare. Amekubali mara moja, bila neno juu ya maji ya kutazama, na hilo limeniogopesha kuliko kikohozi. Mtumbwi amempa mtoto wa Cadette. Funguo za nyumba ziko kwa Cadette mwenyewe.

Umeniuliza ufanye nini. Sijui, mdogo wangu. Kawaambie tena, na wakikurudisha, kawaambie mara ya tatu. Naogopa kwamba utachoka kabla yao.

Jana nilimwuliza baba kwa nini alisema huujui mto, wakati alikufundisha mwenyewe. Alikuwa anafunga mzigo wake na hakugeuka. Aliniambia, "Mutu anajua mto na ananyamaza, huyo ameua. Mutoto wangu hakuua mutu. Basi mto hajue." Akaendelea kufunga.

Mimi nilizaliwa hapa kabla yako, Léon, na baba hajaniuliza kama ninaujua mto.

Tunaondoka kesho asubuhi.

Pascaline